Nilimpelekea mtaalamu wa saikolojia vyeti vyangu, akaniuliza kifua kinabana wapi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, na mama yangu yupo Nyakatuntu, ni shahidi.

Kwanza mnijue. Niliondoka Kyerwa na begi moja, nikarudi kutoka Afrika Kusini na diploma ya umeme na gari langu. Sikubebwa na mtu. Nimemjengea mama nyumba ya vyumba vinne kibanjani kwetu, kwenye shamba la migomba la familia, vigae hadi barazani.

Tatizo, mama alikataa kuhamia. "Bado, mwanangu." Basi.

Na mimi kila nikiikaribia migomba yetu kifua kinabana, jasho linanitoka, nageuza gari. Hospitali wakapima moyo, mzima. Daktari akanielekeza kwa mama mmoja Kayanga, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo.

Nilikwenda na faili la vyeti (msicheke). Nikajieleza karibu nusu saa.

"Hongera, baba," akasema. "Sasa huyo mwenye vyeti tumpumzishe kidogo. Wewe kifua kinakubana ukifika wapi hasa?"

Nikajikuta nasema: kwenye kaburi la baba, pale kwenye migomba.

Baba alifariki nikiwa Afrika Kusini, wiki ya mtihani wa mwisho wa hiyo diploma. Niligharamia jeneza, maturubai na ng'ombe wawili. Baadaye nikatuma mafundi wakalisakafia kaburi kwa vigae. Mwenyewe sikuja.

Mimi ni mdadisi, nikamuuliza na yeye kajifunzia wapi kazi hii. Kumbe alikuwa muuguzi miaka mingi, ndipo akasomea saikolojia. Lakini anasema shule yake ya kwanza ni bibi yake, mwenye asili ya Burundi, aliyekuwa akimpeleka kila msiba kule Kimuli.

"Msiba ni mmoja, lakini huyu analia, yule anashika jembe, mwingine anapika bila kusema neno. Nitawatibuje wote kwa njia moja?"

Ndiyo maana anachanganya. Siku moja alinifundisha kupumua. Siku nyingine tukachimbua utoto wangu, au yale ninayojiambia kichwani. Halafu siku moja akaweka kiti kitupu, eti niongee na baba.

"Mama, mimi ni mtu wa umeme, siongei na viti."

"Na huo umeme umewahi kuuona kwa macho?"

Nikakaa. Nikaongea Kinyambo, lugha ya kwetu, na nililia kama mtoto.

Hakuniamuru chochote. Kikao cha tano nilisema mwenyewe: sijamtupia baba udongo. Kwetu kila mtoto hutupa udongo kaburini kwa mkono wake. Lakini ningetupa wapi, na vigae nimeweka mwenyewe?

Nilienda hivyo hivyo. Gari nikaliacha barabarani. Kifua kilibana, nikapumua alivyonifundisha, nikasonga.

Mama alikuwa anapunguza majani makavu ya migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja kwa miguu?"

Akanipeleka upande wa miguuni pa kaburi, akasogeza majani. Pembe moja haikuwa na kigae, udongo mtupu.

"Mafundi wako niliwazuia hapa. Nilikuachia nafasi yako."

Nikachota udongo, nikatupa.

Jioni ile mama alihamishia kitanda chake nyumba mpya mwenyewe, hata kusaidiwa alikataa.

Nilichojifunza: diploma bado naringia, nimeitolea jasho. Ila ilikuwa na gharama ambayo hakuna cheti kilichoandika, na ng'ombe wawili hawakuilipa.

Aliyewahi kukosa msiba wa mzazi, wewe ulifanyaje? Na wanaosema tiba ya mazungumzo ni ya wazungu, karibuni tubishane.