Irio na Samaki wa Jirani

Tangu tumzike mume wangu sina hamu ya kupika. Hukaa tu jikoni, na mawazo hunirudisha miaka ya hamsini, tulipoishi kwenye laini za wafanyakazi katika shamba la kahawa hapa Ruiru.

Mtoto wetu wa pili alikuwa amenona. Hivyo ndivyo tulivyosema sote. Mashavu yalijaa, miguu ilijaa, na wanawake wa pale mferejini walinitania, "Wewe, huyu unamlisha siagi ya mzungu?" Nilicheka kwa majivuno. Nilichompa ni uji wa unga wa posho tuliyogawiwa na shamba, asubuhi na jioni. Maharagwe tuliyaona mazito kwa tumbo la mtoto, na yale machache tuliyopewa yalikuwa ya baba, mtu wa jembe.

Kisha mtoto akaacha kucheza. Nywele zikageuka nyekundu. Nikaomba cheti cha kutoka shambani, maana ilikuwa Hali ya Hatari ya siku za Mau Mau na hatukuruhusiwa kutembea bila cheti, nikambeba mpaka hospitali ya Thika. Dresa, mhudumu wa matibabu pale, alimbonyeza mguu kwa kidole. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale kwenye ngozi, kama kwenye donge la unga.

"Mama, huyu hajanona. Amevimba. Mtoto wako ana njaa."

Nilitaka kumtukana. Njaa gani, na anashiba kila siku? Akanieleza polepole kwamba uji mtupu haujengi mwili. Apewe maziwa, nyama, mayai, maharagwe, la sivyo nitampoteza. Maziwa na nyama ningevitoa wapi?

Nikaanza na nilichokuwa nacho. Mahindi, maharagwe na viazi nilivichemsha pamoja, nikatia terere, mchicha wa mwitu uliojiotea kando ya mfereji, nikaponda irio laini ambazo mtoto angeweza kumeza. Lakini maharagwe yaliisha kabla ya siku ya posho.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama Mjaluo. Alipomwona mtoto, aliingia ndani kwake akarudi na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na samaki wadogo waliokauka, kila mmoja na jicho lake. Niliruka nyuma. Sisi Wakikuyu wa wakati ule hatukula samaki. Kwetu alikuwa ndugu wa nyoka.

"Unaogopa nini, mama? Hawa wamekufa zamani," akacheka. Halafu akamtazama mtoto, akaacha kucheka. "Kaanga, saga, changanya. Usiwaangalie machoni."

Nilikwenda kuwasagia kwake, pua nimeifunga kwa kanga. Sufuria yangu ilikuwa moja, kwa hiyo alichokula mtoto tulikila sote. Mume wangu sikumwambia. Nilijua angekataza.

Uvimbe ulianza kushuka. Mtoto akawa mwembamba kiasi cha kunitisha, kumbe huo ndio mwili wake wa kweli. Siku moja akacheka. Na mume wangu akawa anajisifu kwa wenzake kwamba mkewe anapika maharagwe yenye ladha ya nyama.

Jioni moja aliacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakisogeza karibu na koroboi. Kilikuwa kichwa kidogo kilichoponyoka kusagwa.

"Hiki ni nini?"

"Samaki."

"Ngai! Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka Thika."

Alitoka nje. Nilimsikia akitapika. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Mwaga hiyo sufuria."

"Simwagi."

Nilishtuka kusikia mdomo wangu. Sikuwahi kumjibu hivyo tangu anioe. Nikaikumbatia sufuria ikiwa bado ya moto, nikamwambia, "Nipige ukitaka. Hiki chakula ndicho kinachomweka hai mtoto wako."

Alisimama pale, ngumi imekunjwa. Mtoto, ambaye hakujua lolote, alijivuta mpaka kwenye sahani ya baba yake akaingiza mkono wote ndani, akala.

Nilingoja kofi. Mume wangu akaketi chini. Akachukua kijiko, akageuza uso ukutani, akajiziba pua kwa mkono wa kushoto. Kwa ule wa kulia akamlisha mtoto, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikawa tupu.

Yeye mwenyewe usiku ule alikula ugali na chumvi.