Mama Violet na Nyanya Zenye Kitako Cheusi

Ukifika Kimandolu ukauliza duka la Hedwiga, watu watakutazama tu. Uliza kwa Mama Violet, na hata muuza mkaa ataacha shughuli zake akusindikize hadi mlangoni. Ni duka la pembejeo, chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na fundi viatu. Mwenyewe ni mwanamke mfupi mzaliwa wa Rombo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti inayofika barabarani. Ana miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameuza mbegu, mbolea na dawa kwa wakulima wanaouzunguka Mlima Meru.

Mkulima akija na maneno matupu, humrudisha. "Jani liko wapi? Nitibu hadithi?" Kwa hiyo watu huja na majani kwenye mifuko ya sukari, mizizi kwenye magazeti, na kuna aliyewahi kuingia na mche mzima wa mgomba begani. Mama Violet huinua kila kitu kwenye mwanga, akanusa, akauliza habari za watoto, ndipo anapogeukia rafu zake.

Mzee Lesikar alikuwa mmoja wa wateja aliowapenda sana. Alikuwa mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima. Ukame ulipommalizia ng'ombe, akahamia na mkewe Silantoi kwenye kipande cha shamba la wakwe karibu na Momela, na huko uzeeni akaanza kujifunza nyanya. Alizizungumzia kana kwamba ni ndama. "Zile za kule juu zimeamka vizuri," angesema, "ila hizi za chini zimenuna."

Mwezi wa nane alikuja amebeba nyanya sita ndani ya kofia yake. Kwa juu zilikuwa safi, zinang'aa. Ukizigeuza, kila moja kitako kilikuwa kimebonyea, cheusi, kigumu mithili ya ngozi ya kiatu.

"Ukungu huu, mzee wangu," Mama Violet alisema bila kusita, akampa dawa ya ukungu.

Baada ya wiki mbili mzee alirudi, akapewa dawa nyingine. Akarudi tena, akapewa ile kali kuliko zote. Alinyunyiza kama alivyoelekezwa, asubuhi kabla ya jua, mdomo ameufunga kwa kitambaa. Vitako vikazidi kuwa vyeusi.

Sasa, nyumbani kwa Mama Violet kulikuwa na miche miwili ya nyanya kwenye ndoo za rangi. Aliipanda siku moja, udongo mmoja, mbegu za pakiti moja. Ndoo moja ilikaa mlango wa jikoni na binti yake Violet aliimwagilia kidogo kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani yake. Ya pili ilikuwa nyuma ya tangi, na hiyo ilikuwa ya mama mtu. Shangazi yake alipofariki, Mama Violet alikwenda Rombo kwenye msiba akakaa siku tisa. Aliporudi aliukuta mche wake umelala, udongo umepasuka. Akauonea huruma, akaumwagia maji hadi ndoo ikafurika. Mche ukainuka, naye akasahau habari yake.

Siku aliyochuchumaa kuchuma nyanya za mchuzi ndipo alipoona. Nyanya zote za nyuma ya tangi zilikuwa na kitako cheusi. Akaenda mlango wa jikoni, akazigeuza za huko moja moja. Safi.

"Violet! Hebu njoo. Huu ukungu gani unaochagua ndoo?"

Violet alikuja na futi yake shingoni, akatazama huku na huku. "Mimi sijui mambo ya ukungu, mama. Ninachojua, wa kwangu haujawahi kulala na kiu."

Mama Violet alisimama pale na nyanya mkononi, masikio yakimwaka moto. Akampigia simu Bwana Gidion, bwana shamba mstaafu anayeishi Njiro, akamweleza yote hadi msiba.

"Huo si ugonjwa, Hedwiga," Bwana Gidion alisema. "Ni njaa. Tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi udongoni imo, lakini haiwezi kutembea yenyewe, inabebwa na maji. Ukikausha wiki nzima halafu ukafurisha, majani yanavuta yote, na kitako cha tunda, kilicho mwisho wa safari, hakipati kitu. Hakuna dawa ya ukungu itakayotibu hilo."

"Nimempa mtu dawa mara tatu, Bwana Gidion."

"Basi nenda kamwambie."

Violet alimshauri apige simu tu. Mama yake akakataa. "Nilimpotosha tukitazamana. Nitamwambia tukitazamana."

Kesho yake hakufungua duka. Alipanda gari la mizigo linalokwenda kuchukua nyanya, akabanana na dereva na utingo. Njiani walisimama kusubiri twiga wavuke, naye muda wote alikuwa akipanga maneno kichwani na kuyapangua.

Alimkuta Mzee Lesikar katikati ya shamba na jembe. Mistari miwili ilikuwa imeshang'olewa, miche imelala chini na matunda yake mabichi. Silantoi alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, ameshika tama.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mzee, acha kwanza kung'oa."

"Marahaba, Mama Violet. Niache kwa nini? Dawa zimeshindwa."

"Hazikushindwa. Nilikupa za ugonjwa ambao huna. Nilikosea, mzee wangu, mara tatu. Naomba unisamehe."

Mzee Lesikar alichomeka jembe ardhini, akauegemea mpini kwa mikono miwili, akatazama mlima. Silantoi ndiye aliyesema, "Tangu niolewe sijasikia mwenye duka akisema hivyo." Mzee akaguna, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Haya, daktari. Mgonjwa ndiye huyu."

Mama Violet alivua viatu akaingia shambani. Aliingiza vidole kwenye udongo. Juu ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Zamu yako ya maji ni lini?"

"Kila siku ya nane. Nikiyapata nayaachia hadi yasimame."

"Na urea?"

"Natia sana. Si ndiyo inayozipa nguvu?"

"Inayapa majani nguvu, nayo yanamnyang'anya mtoto chakula. Ipumzishe."

Mzee akauliza kama amwage chokaa. Mama Violet alikuwa ameshamuuliza Bwana Gidion hilo. Maji ya upande ule yana magadi, na magadi nayo huizuia kalsiamu isiingie. Chokaa ingezidisha ukali wa udongo. Jasi, yenye kalsiamu bila ukali huo, ndiyo ingesaidia, ichanganywe kabla ya msimu ujao. Kwa sasa waondoe matunda yaliyooza ili mche usihangaike nayo, wafunike udongo kwa majani makavu unyevu usikimbie, na juu ya yote wapate maji kidogo kidogo.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwani mfereji una zamu zake na hakuna anayezichezea. Silantoi akamwita jirani yao Agnela, mjane mwenye pilipili hoho, ambaye zamu yake ilikuja siku nne baada ya yao. Agnela alisikiliza, kisha akaenda kwake, akarudi na hoho tatu. Zote zilikuwa na baka la kahawia karibu na ncha.

"Na mimi nilidhani ni jua," alisema.

Wakakubaliana wagawane. Kila zamu, nusu ya maji kwa Lesikar, nusu kwa Agnela, kila mtu apate kidogo kila siku ya nne. Mwenyekiti wa mfereji alinung'unika siku mbili, halafu akaandika kwenye daftari lake.

Vichala vya chini havikupona, kwa maana tunda lililokwisha kuoza halirudi. Lakini maua yaliyofunga baada ya hapo yalitoa nyanya nzima, na ingawa hapa na pale moja ilitokea na kitako cheusi, mzee aliitupa akaendelea kuchuma. Agnela alianza kuimba akipalilia, na Silantoi akasema afadhali angebaki na huzuni yake, maana sauti hana.

Mwezi wa kumi na moja walimwalika Mama Violet na bintiye. Walikula ugali na mchuzi wa mbuzi uliojaa nyanya, nje, mlima ukiwa wazi. Mzee Lesikar alimjazia mgeni sahani mara mbili bila kumuuliza.

"Ashe naleng, Mama Violet," alimshukuru kwa lugha yake.

"Unanishukuru kwa kukuchelewesha miezi miwili?"

"Nakushukuru kwa kuja."

Mama Violet aliinamia sahani akashughulika na mfupa ambao haukuwa na nyama tena. Violet akaona, akamsogezea maji ya kunawa, akaanza kumuuliza Silantoi habari za gauni analotaka kushonewa Krismasi.