Kufuli la Kunguru

Mama Swichi, mwendesha swichi wa kituo cha umeme, alikuwa na ulimi wa kupasulia kuni, ila mbele ya kufuli lile alikuwa bubu.

Lilikuwa la mumewe, fundi wa laini za umeme aliyeitwa Kunguru kwa kupenda kukaa juu ya waya. Mafundi wana mwiko wao: anayepanda nguzo hufunga swichi kwa kufuli lake ili umeme usiwashwe, na halitolewi mpaka aulizwe kwa redio, "Umeshuka?" naye ajibu kwa kinywa chake, "Nimeshuka." Kunguru alipanda, mafuriko yakaja, nguzo ikaenda naye. Hakuonekana tena.

Zamani mto ulifika getini mwa kituo ukarudi. Siku hizi mvua haina adabu, inaingia mpaka chumba cha mitambo. Kampuni ikaona maji hayashindiki, ikahamishia kituo mlimani. Bondeni ilibaki swichi ya Kunguru tu, na leo mtaa wa chini ulikuwa urudishiwe umeme kupitia hapo.

"Kata, mama," mkuu wa kituo alisema, akimpa mkasi wa chuma. "Mzee ametangulia."

"Nitakata. Kwanza nimuulize."

"Unamuuliza maiti?"

"Wewe si unauliza walio hai kila siku, na hawakujibu?"

Jua lilikuwa la utosi, lakini kufuli lilichuruzika maji. Akabonyeza redio.

"Kunguru, umeshuka?"

Redio ikakoroma kama kifua kilichojaa maji. Kisha: "Bado."

Mkuu wa kituo akakaa chini bila kutafuta kiti. "Ni... ni mikwaruzo tu, mama."

"Basi mikwaruzo imesema bado. Inuka tukague laini."

Nyuma ya nyumba ya mwisho, nguzo mpya ilikuwa imelala upande kwenye tope, waya umeshuka hadi usawa wa kichwa. Mwanamke mjamzito alikuwa anaanika nguo juu yake.

"Toa mikono hapo, binti!"

"Na nyinyi tena? Huyo fundi wenu aliyelowa kanifokea tangu asubuhi. Nikamwambia, shuka wewe kwanza!"

Hapakuwa na fundi.

Nguo zikaanuliwa, nguzo ikasimamishwa, waya ukavutwa. Mama Swichi akarudi kwenye swichi, akauliza tena. Jibu halikutoka redioni. Lilitoka sikioni pake, kwa pumzi ya baridi: "Nimeshuka."

Kufuli lilikuwa kavu. Akakata, akawasha swichi. Mtaa wa chini ukawaka.

Alipofika nyumbani alikuta mlango wazi. Nyayo za maji zilikuwa zimeingia ndani. Za kutoka hazikuwepo.