Povu Juu ya Marumaru

Pale makaburini kila mtu alimwita Fagio, hata mchungaji. Miaka ishirini na miwili alifagia majani na kuosha mawe ya marehemu bila woga. "Majirani zangu hawa hawasengenyi," alizoea kutania.

Sasa anaogopa, tena mchana kweupe. Mafuta yakianza kuchachatika kikaangoni, huinuka na kutoka nje.

"Baba watoto, chakula kimekukosea nini?" mkewe humuuliza.

"Sina njaa."

Yote yalitokana na jiwe dogo la marumaru la binti wa Mwalimu. Mwalimu ni mama mstaafu, alifundisha kemia mpaka macho yakamzimika. Kila Jumamosi huja kupapasa jina la mwanawe, herufi moja moja, ndipo husali.

Jiwe lilikuwa limeota kuvu nyeusi. Fagio, kwa nia njema, akalimwagia asidi ya kusafishia choo. Likatoa povu, sssss. Akafurahi, akidhani uchafu unang'oka. Akaongeza mara ya pili, mara ya tatu, akaenda kunywa chai. Aliporudi, jiwe lilikuwa bado linanong'ona. Akaingiwa na hofu, akalitupia majivu. Nayo yakachemka, kisha kimya. Akasuuza kwa ndoo nzima ya maji.

Jiwe lilikuwa jeupe kama jino. Jina halikuwepo.

Jumamosi ilipofika alitamani kufunga geti. Mwalimu akaja, akainama. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena.

"Fagio."

"Naam, Mwalimu."

"Nani kaleta asidi hapa?"

Uongo ulimfika kwenye ulimi. Akaumeza. "Ni mimi, mama. Nilidhani natoa uchafu. Povu lilipokataa kuisha nikatupia majivu, nikasuuza."

"Marumaru ni ndugu wa chokaa," Mwalimu akasema polepole, kama yuko darasani. "Ikikutana na asidi, hewa hutoka na povu, jiwe lenyewe likageuka chumvi. Majivu yako nayo yakaizima asidi iliyobaki, ikawa chumvi nyingine. Zote huyeyuka majini. Hukutoa uchafu, mwanangu. Umemwondoa mtoto."

"Nisamehe, mama. Nitamleta mchongaji, alichonge upya."

"Bado. Maji uliyosuuzia yalielekea wapi?"

Fagio akamshika mkono, akamfikisha kwenye kibonde kando ya kaburi, ambako majani yalikuwa yamekauka. Mwalimu akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akamwita binti yake kwa jina, taratibu, kama mtu aitaye aliye chumba cha pili. Kisha akatega sikio.

Fagio naye akatega. Mungu ni shahidi, alisikia chini kabisa: sssss.

"Umesikia?" Mwalimu akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Basi mchongaji angoje. Nisije nikamfunika tena kwa jiwe wakati anaitika."

Siku hizi Fagio huosha mawe kwa sabuni na kitambaa laini. Kibonde kile hakifagii. Hukizunguka kwa mbali, amevua kofia, akilitaja jina lile.