Sare ya Msiba wa Mama

Mama alipofariki, dada yangu mkubwa alinunua kitenge cha sare sokoni Sumbawanga, na kwa kuwa fundi cherehani ni mimi, akanibwagia mzigo wote. Kijijini kwetu siku hizi sare ndiyo inayowatambulisha watoto wa marehemu, na kaburini huitwa wao kwanza kutupa udongo. Nilishona magauni tisa kwa siku mbili, huku nalia.

Ukoo wetu wote ni Wakatoliki. Mimi niliolewa na Mwislamu wa Kirando, nikasilimu. Mama hakuwahi kunisumbua kwa hilo. Baridi ya Juni ikikaza alikuwa akijifunika mitandio yangu. Kipande changu cha kitenge kilikuwa sawa na cha wenzangu, kinatosha gauni la magotini tu. Nikaunga kitambaa cheusi cha baibui mikononi na chini mpaka miguuni, kisha nikavaa mtandio mweusi niliouwekea ukingo wa kitenge hichohicho. Lilitoka gauni zuri, wallahi. Mama angelipenda.

Dada aliniona uani, jeneza likiwa bado ndani.

"Hiyo ndiyo sare? Umekuja kutuvalia Uarabu kwenye msiba wa mama?"

"Ni kitenge kilekile, dada. Na hilo ulilovaa nimelishona mimi."

"Vaa kama wenzako, la sivyo kaa na wageni!"

Shangazi akanivuta pembeni, akanipa kitenge chake cha akiba. "Mwanangu, jifunge hiki hapo juu ya cheusi, usivue kitu. Mama yako anaondoka. Mtagombana kesho."

Ningejifunga tu, yaishe. Mtandio ungebaki kichwani na miguu ingebaki imefunikwa. Lakini hasira zilikuwa zimenipanda, nikamkaripia shangazi wa watu: "Siombi ruhusa ya kumzika mama yangu!" Nikaenda kukaa na wageni, nimenuna, nikiamini dada atakuja kunibembeleza.

Hakuja. Makaburini niliyaona magauni niliyoshona yakipita moja moja na kuinama pale shimoni. Shangazi aligeuka kunitafuta kwa macho. Nikatazama pembeni.

Watu walipoondoka kwenda kula, nilirudi peke yangu na udongo kiganjani. Hasira zilikuwa zimeniisha, nimebaki na aibu. Mafundi walikuwa wameshamwaga zege juu ya kaburi. Mmoja akaniinulia mwiko.

"Pole, mama. Usiguse hapo, bado bichi."