Wito na Mto wa Sponji

Siku hizi mtu akianza kunihubiria habari za wito, natafuta mlango ulipo. Nililisikia neno hilo hadi likanikinaisha, miaka ile nilipokuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha kanisa cha watu wenye ulemavu, huko Kongwa. Ukidai glovu, wito. Ukiomba likizo, wito. Wasiokuwa na wito walikuwa wale tuliowahudumia. Wao kazi yao ilikuwa kushukuru.

Alikuwepo bibi mmoja wa Kigogo, aliyepooza miguu tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la nyumba yake ya tembe akianika mtama. Kukaa muda mrefu kulimtoboa kidonda kwenye tako, na tulikihangaikia miezi mitatu mpaka kikakaribia kufunga. Masharti yalikuwa mepesi: akae juu ya mto wa sponji, na kila baada ya nusu saa anyanyuliwe kidogo.

Siku moja ukatarajiwa ugeni kutoka Dodoma. Saa tatu asubuhi nikamkuta bibi kapangwa mstari wa mbele. Mto umeondolewa kwa kuwa una madoa, na badala yake kimetandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa "Mungu ni Pendo". Pendo lenyewe lilikuwa jembamba kama karatasi.

Nikamfuata mkuu wa kituo, mzee ambaye hata kuagiza chai lazima aanze na "Bwana asifiwe".

"Shikamoo mzee. Bibi hawezi kukaa vile. Kidonda kitafunguka tena."

"Marahaba. Mwanangu, wageni wako njiani. Huu ni wito, siyo ajira. Mungu atamshika."

Ningeweza kumnyanyua mwenyewe, dakika moja tu. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na mwenye kuusaini ni mzee. Basi mimi, msomi mzima mwenye cheti, nikaenda kuimba na kwaya.

Wageni walifika saa nane. Wakapiga picha, wakajifuta machozi, wakala wali kuku, wakaondoka. Muda wote huo hakuna aliyemnyanyua bibi.

Saa kumi nilimlaza nikafungua bandeji. Kidonda kilikuwa wazi, damu imepita mpaka kwenye kitambaa. Niliona aibu, nikafanya tulichozoea kufanya pale tunapoharibu: nikafumba macho, nikaanza kuomba kwa sauti. Bibi akanikatiza.

"Ulijua kitafunguka?"

"Nilijua, bibi."

"Basi usiniombee. Nigeuze."