Sikutahiriwa kwa Ajili ya Mtu

Nilitahiriwa nikiwa na miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watatu, na sikufanya hivyo kumridhisha mtu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kila aliyepata habari ile alikuja na sababu yake ya kunipa, na hakuna aliyeniuliza yangu.

Nilizaliwa kando ya ziwa, ambako wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini na hawakukatwa mahali pengine. Nilikuja Diani nikiwa kijana, nikajifunza ufundi wa mabomba kwenye mahoteli, nikaoa Mduruma wa upande wa Kinango, tukajenga kijijini Munje. Kwa wakwe zangu mwanamume hutahiriwa angali mdogo. Walijua ninakotoka, na hilo liliwatosha. Kwa miaka kumi na saba nikawa mkwe mwenye kasoro.

Hakuna aliyenitukana. Ila mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao, hakukosa njia ya kunikumbusha. Tukienda kwao kwa msiba au kwa harusi, mbuzi akiletwa kuchinjwa, kisu kilipita kwa wanaume wote, mimi kikaniruka.

"Wewe kaa tu, mkwe," alikuwa akisema. "Kazi hii ina wenyewe."

Nami nilikaa. Niliapa moyoni kwamba sitakatwa kwa sababu ya kisu cha mbuzi.

Kisha mwili wangu mwenyewe ukaanza kunisumbua. Ngozi ya mbele ilianza kubana. Ikawa inachanika kidogo, inapona kwa kovu, inabana zaidi, inachanika tena. Kukojoa kuliuma. Kulala na mke wangu kukawa jambo la kuahirishwa. Nilivumilia karibu mwaka mzima nikipaka mafuta niliyouziwa dukani, mpaka mke wangu akasema, "Baba watoto, hili si jambo la kuonea haya tena. Twende ukaonwe."

Tulikwenda hospitali ya Msambweni. Daktari alinipima sukari akakuta iko sawa, akaniangalia, akasema dawa ya kupaka haitafaa kitu tena; njia iliyobaki ni kutahiriwa. Nilicheka. Alidhani nacheka kwa woga. Lakini hebu fikiria: miaka kumi na saba nimekataa, halafu naambiwa nikubali kwa jambo lisilowahusu kabisa wale niliokuwa nikiwakatalia. Mke wangu alinitazama, naye akaanza kucheka.

"Watasema wamekushinda," akaniambia njiani.

"Waseme."

Kukatwa kwenyewe hakukuwa na makuu. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Muuguzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinifunga bendeji na kunipa masharti: nipumzike nyumbani wiki mbili, nivae chupi ya kubana, uume uwe umeelekea juu kitovuni wala usining'inie, nisipande pikipiki, na nisimguse mke wangu kabla ya wiki sita. Niliyashika yote kwa siku tano. Siku ya sita nikapigiwa simu kutoka hoteli ninayoihudumia. Pampu imekufa, wageni hawana maji. Nilijiona wa maana. Nikapanda pikipiki kutoka Munje hadi lami, nikaenda Diani, nikapanda ngazi mpaka kwenye tangi la juu, nikainama pale asubuhi nzima.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimevimba. Chini tu ya mshono palikuwa na mviringo mnene, laini, uliojaa kama mpira wa gurudumu dogo. Kidonda kilifunga, nyuzi zikayeyuka, maumivu yakaisha, lakini mviringo ule haukuondoka. Asubuhi ulipungua, jioni ulirudi. Wiki ya tatu ulikuwa bado upo. Nilianza kutembea nikitanua miguu, nikaacha suruali nikavaa kikoi. Pwani kikoi hakimshangazi mtu, ila mimi watu walinizoea na suruali ya kazi. Siri ikatoka kwa mwendo wangu.

Ndugu yangu alinipigia simu kutoka kwetu ziwani. Aliambiwa na nani, sijui. "Kwa hiyo umeamua kuwa wa huko?" akauliza.

"Nilikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Mgonjwa wa wakwe," akajibu. Nilikata simu.

Jumamosi moja mjomba akaja. Alikuwa ametoka Kinango mapema, jogoo mwekundu mkononi, kikoi kipya begani, na chupa ya mafuta yaliyochanganywa na mizizi. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Aliketi, akakataa chai, akatoa kisu mfukoni akakiweka juu ya meza.

"Leo utachinja wewe," alisema. "Leo umekuwa mwanamume."

Nilihisi damu ikinipanda. Nilikuwa nimevimba, nimechoka, sikuwa nimelala vizuri kwa wiki tatu, na huyu mzee alikuwa amekuja kunikabidhi kitu nilichokuwa nacho siku zote.

"Mjomba," nilisema, "nimekuheshimu na nitaendelea kukuheshimu. Lakini mimi nilikuwa mwanamume nilipokuja kuposa kwenu. Nilikuwa mwanamume watoto hawa walipozaliwa. Mwezi huu nimetibiwa tu. Ukinipa kisu kwa sababu ya kidonda, sikitaki."

"Unakataa heshima?"

"Nakataa sababu yake."

Alimgeukia mke wangu, akitarajia anitulize. Mke wangu alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua kichwa. "Mjomba, mimi ndiye niliyeishi naye," alisema. "Kama hangekuwa mwanamume, ningeliwaambia mimi."

Mjomba aliinuka. Kisu na kikoi alivichukua. Jogoo na mafuta akaviacha, labda kwa hasira, labda kwa kusahau. Mafuta yale sikuyapaka. Jogoo alikaa uani akiwasumbua kuku wa jirani.

Baada ya hapo, uvimbe ndio uliobaki kunitisha. Nilirudi Msambweni nikiwa nimejiandaa kuambiwa kuna kitu kimeharibika. Muuguzi yule yule alinibonyeza kwa kidole, akangoja, akatazama alama ilivyojaa tena taratibu.

"Ulipumzika wiki mbili?" akauliza.

"Siku tano."

Hakunikaripia. Alinieleza kwamba ngozi ikikatwa, njia ndogo ndogo za kupitisha maji ya mwili nazo hukatwa, na maji hukwama chini ya mshono mpaka njia mpya zifunguke. Kwa mtu mzima huchukua muda, na akijitaabisha huchukua muda zaidi. "Hapana usaha, hapana joto, hapana wekundu," alisema. "Ukiona kimojawapo, au ukishindwa kukojoa, njoo siku hiyo hiyo. La sivyo, subiri. Huenda ikawa miezi mitatu, huenda ikazidi."

"Na watu wakiniuliza?"

"Hilo halina dawa hapa."

Nikarudi kazini na kikoi changu. Siku ya kwanza, jikoni pa hoteli, mmoja aliniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama nimebeba yai. Nilisimama katikati yao nikawaambia: nimetahiriwa, nimevimba, uvimbe unapungua, na mwenye swali lingine aulize sasa kwa sababu kesho nitakuwa na kazi. Mpishi mkuu akaniuliza kama bomba la sinki lile linalovuja nitaliangalia leo. Nililiangalia.

Wiki kadhaa baadaye mjomba alipiga simu. Hakutaja kisu. Tulisalimiana kirefu, mvua, mahindi, mifugo. Kisha sauti yake ikashuka. "Uvimbe umepungua?"

"Unapungua, Mjomba. Polepole."

"Mimi nilipotahiriwa nilivimba mwezi mzima," alisema. "Nilidhani nitakufa. Sikumwambia mtu, maana nilikuwa nimeshaambiwa kwamba sasa ni mwanamume."

Nilimwambia pole, mzee mzima, pole ya kidonda cha zaidi ya miaka sitini. Akaipokea.

Uvimbe wangu uliisha mwezi wa nne baada ya kutahiriwa. Kimebaki kinundu upande wa kushoto, kigumu kidogo, ambacho daktari amesema ni kovu. Ngozi haichaniki tena, na mimi na mke wangu hatuahirishi. Ndugu yangu bado anasema nimekuwa wa huku. Nikienda kwetu nitamwacha aseme, nitakula samaki, nitalala. Suruali zangu za kazi zinanitosha, lakini siku nyingine navaa kikoi kwa sababu nakipenda.